Kwa nini lamda 1.6 inawaka kwenye kompyuta halafu kwenye daino inamiss

Kuna mdogo wangu anasoma masters ya uinjinia mitambo kanitumia swali refu, nalifupisha (lamda ni hewa iliyopo ukigawa kwa hewa inayotosha kuunguza mafuta yote, daino ni mtambo wa kupimia injini halisi, kumiss ni mchanganyiko kukataa kuwaka): "Shikamoo kaka. Namodeli injini ya gesi asilia, silinda moja ya cc 500, 1500 rpm, plagi ya kawaida. Lamda 1 mpaka 1.3 presha ya kompyuta inalala juu ya presha ya daino bila shida. Nikifika 1.6 mambo yanaharibika. Nikimwaga milijuli 80 za cheche kwenye mpira wa nusu kipenyo 1 mm ndani ya milisekunde 0.1, inawaka mapema mno kuliko daino. Nikiweka 30 kwa milisekunde 2 kama koili inavyofanya kweli, haiwaki kabisa. Nikihamia modeli ya G (inayofuata uso wa mwali kama mpaka unaotembea kwa kasi unayoipa) haizimiki hata lamda 2, wakati daino pale 1.6 inaanza kumiss. Nibadilishe modeli ya tabyulensi?"

Marahaba. Iache tabyulensi ya watu, ile misukosuko ya gesi, haijakukosea kitu, au tuseme haijakukosea sana. Kosa lako liko kwenye milimita mbili za kwanza za moto na hizo milimita mbili sensa yako ya presha haizioni kabisa, ndo maana umekuwa ukimsaka mchawi nyumba ya jirani.

Tupige hesabu kidogo uone kwa nini haizioni. Wakati cheche inapiga, chumba chako kina kama cc 70. Asilimia 1 tu ya gesi ikishaungua, na pale lamda 1.6 gesi iliyoungua inatanuka kama mara 3 na kidogo, ujazo wake ni kama cc 2.2, yaani mpira wa nusu kipenyo karibu 8 mm. Hiyo ni gololi ya watoto kabisa! Na asilimia moja kwenye presha huioni, imezama kwenye kelele za sensa na kompresheni yenyewe. Kwa hiyo moto umetoka kwenye kinukta cha cheche ukakua mpaka gololi, umepigwa na upepo, umepoozwa na vyuma vya plagi, umeponea chupuchupu, na sensa bado inakwambia hamna kitu. Kiswahili kina bahati hapa, mwali ni moto na mwali ni binti aliyewekwa ndani, sasa huyu wako ukija kumuona kwenye presha ni siku anatolewa na ngoma, alivyolelewa huko ndani hujui, unabaki kukisia. Ukikisia kwa lamda 1 unasamehewa. Kwa 1.6 husamehewi, na sababu yake nitakuonyesha kwa namba.

Kwanza cheche yenyewe. Wengi tunaichora kama kitu kimoja, tunaandika "nishati" tunaweka namba ya kwenye lebo ya koili basi. Si kitu kimoja. Inaanza na mpasuko, volteji inapanda kilovolti kumi, ishirini, wakati mwingine thelathini kutegemea gepu na densiti ya gesi, halafu gesi inapasuka na kwa nanosekunde chache mkondo unafika mamia ya ampea, ule uzi mwembamba wa plazma (gesi iliyogeuka kupitisha umeme) unapita Kelvini makumi elfu. Inafuata tao fupi la maikrosekunde. Halafu mng'ao, huu ndo mrefu, milisekunde moja mpaka tatu hivi, mkondo chini ya ampea 0.2 na volteji mia kadhaa tu, na hapa ndo sehemu kubwa ya nishati ya koili inatokea. Sasa akina Rudolf Maly kule Ujerumani miaka ya 1970 na 1980 walikaa chini wakapima kila hatua inaipa gesi kiasi gani, na majibu yao yanapaswa kubandikwa ukutani kwa kila anayemodeli cheche: mpasuko unaipa gesi zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake, tao kama nusu, mng'ao kama asilimia 30. Zilizobaki zinaliwa na vyuma vya plagi. Mpasuko wenyewe kwa koili ya kawaida ni milijuli moja hivi. Kwa hiyo ile 80 yako, hata kama koili inaitoa yote, gesi inapata kama 25, tena kwa kudonolewa polepole.

Wewe umeimwaga yote kwa mpigo. Tuone imefanya nini. Tuseme presha ni bar 10 na joto 600 K, mpira wa 1 mm una gesi kama miligramu 0.024. Milijuli 80 kwenye gesi hiyo inaipandisha kama 2700 K, hapo kemia haijafanya lolote, kwa hiyo unafika 3300 K kwa umeme peke yake, joto ambalo mwali wa lamda 1.6 haulifikii hata ukiungua mpaka mwisho. Na gesi ikipashwa hivyo inatanuka, nusu kipenyo kinaruka kutoka 1 mm mpaka kama 1.8. Yaani umekwepa kipindi chote cha utoto. Hujauliza huo moto kama unaweza kuishi ukiwa mdogo, umeuzaa ukiwa na ndevu.

Swali zuri ni hili: mbona kwa lamda 1 haikukuumiza? Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Kasi ya mwali wa methani kwenye bar 10 na 600 K, kwa makadirio ya haraka, lamda 1 ni kama sentimita 40 kwa sekunde na lamda 1.6 kama 16. Zidisha na utanukaji, mpira unakua mita 1.5 kwa sekunde kwa lamda 1 na nusu mita tu kwa 1.6. Sasa tuseme kiini halisi (kile kimpira cha kwanza cha moto) kilichoachwa na mpasuko ni cha 0.5 mm na wewe umeanza na 1.8, umempa mwendo wa bure wa 1.3 mm. Kwa lamda 1 hiyo ni kama milisekunde 0.8, ambayo kwa 1500 rpm ni digrii 7 na nusu za krenki. Kwa 1.6 kosa lilelile ni milisekunde 2.6, digrii 23! Najua tabyulensi itafupisha zote mbili, namba zenyewe zitashuka, ila uwiano unabaki palepale, uliyempa dezo ndogo kwa lamda 1 umempa dezo mara tatu kwa 1.6. Na zile digrii 7 za lamda 1 bila shaka ulishazimeza kwenye kigezo kingine wakati unatyuni, labda kile cha mkunjo wa mwali (tabyulensi inavyoukunja uso wake), ukasema sasa inalala vizuri.

Usijisikie vibaya, mi mwenyewe nilifanya hivyohivyo. Nilikaa wiki mbili nasukuma kigezo cha cheche mpaka presha ya lamda 1.5 ikakaa juu ya data kama stika, nikaenda kuonyesha kifua mbele, mzee aliyekuwa ananisimamia akaangalia akasema sogeza cheche digrii 6 nyuma bila kugusa kitu kingine. Nikasogeza pale pale mbele yake. Ikakataa kabisa, kilele cha presha kikaenda kusikojulikana. Hakusema kitu, akanyanyuka akaenda kunywa chai.

Sasa ile ya 30 kwa milisekunde 2. Hii ulikuwa mkweli kuhusu koili halafu ukaadhibiwa, inauma. Tatizo si 30, tatizo ni kwamba mpira wako umeupigilia msumari hewani. Kwenye gepu la plagi gesi inapita mita 10 kwa sekunde au zaidi, mpira wa kipenyo 2 mm gesi inakatiza kwa milisekunde 0.2. Kwa hiyo hakuna tone la gesi linalokaa pale milisekunde 2 likipashwa, kila tone linapata moja ya kumi, milijuli 3, inapanda kama 100 K inaenda zake. Ni kama kukaanga samaki huku mtu anavuta kikaango. Haiwezi kuwaka na haitakiwi kuwaka, kompyuta iko sahihi kwa ulichoiambia.

Cheche halisi haikai. Ule uzi wa plazma unabebwa na upepo, miguu yake imeng'ang'ania elektrodi ila tumbo linavutwa nje kama kamba ya nguo siku ya kusi, gesi ileile iliyopashwa mwanzo inaendelea kupashwa sababu uzi unasafiri nayo. Na ukirefuka volteji yake inapanda, nguvu inayoingia kwenye gesi inaongezeka, mpaka pale koili inaona nafuu kupasua upya kwenye gepu kuliko kuhudumia kamba ndefu, uzi mpya unazaliwa na wa zamani unaachwa. Ukiangalia volteji ya sekondari (upande wa koili unaolisha plagi) kwenye oskiloskopu unaona msumeno: inapanda, inadondoka, inapanda, inadondoka. Kila kudondoka ni uzi mpya. Wajapani kwenye miradi yao ya lamda 2 wamelitumia hili makusudi, wanaongeza kasi ya gesi kwenye plagi na koili yenye nguvu zaidi ili uzi uvutwe sana bila kukatika, kwa hiyo upepo ambao kwako umekuwa adui kwao ni mfanyakazi.

Modeli ya G nayo, hiyo usiilaumu, ni tabia yake. Ukishaweka uso wa G pale, mwali upo, utaenda kwa kasi uliyoipa, hakuna mahali kwenye mlinganyo panaposema "huyu mtoto kafa". Kumiss haijui mpaka wewe uifundishe. Vilevile modeli nyingi za eneo la uso wa mwali, ukipanda mbegu ya mwanzo inaota tu. Ukitaka izimike lazima uweke sharti la utotoni, na sharti lenyewe ni mnyoosho. Mpira mdogo ukikua ngozi yake inavutwa kwa kiwango cha 2/R (R ni nusu kipenyo) mara kasi ya kukua, kwa hiyo R ikiwa nusu milimita ngozi inavutwa mara kumi zaidi ya ikiwa 5 mm. Mwali ukivutwa unabadilika kasi, kiasi gani inategemea urefu wa Markstein (kipimo cha mwali unavyoathirika ukivutwa), na huo unategemea namba ya Lewis, yaani joto linatoroka haraka kuliko mafuta yanavyoingia au kinyume chake. Hapa una bahati, methani nyembamba (yenye hewa nyingi) Lewis yake iko karibu na 1, ni mtoto mpole. Anayefanya petroli au propani kwenye lamda kubwa Lewis yake inakaribia 2, kiini kikiwa kidogo kinapoa vibaya sana na nusu kipenyo cha kunusurika kinakuwa kikubwa. Hidrojeni nyembamba ni kinyume kabisa, Lewis kama 0.3 au 0.4, kikiwa kidogo ndo kinazidi ukali. Kwa hiyo siku ukichanganya hidrojeni kwenye gesi yako, maana najua mtafika huko, usibebe vigezo vya leo.

Nusu kipenyo cha kunusurika ndo kitu cha kukishika. Chini yake moto hauwezi kujilipia, unaishi kwa umeme tu. Juu yake unajitegemea. Na nishati ya chini ya kuwasha inaenda na mchemraba wa huo urefu, ndo maana methani ya lamda 1 kwenye presha ya kawaida inahitaji milijuli 0.3 tu, wakati ukikaribia ukomo wake wa chini wa kuwaka namba zinapaa kama bei ya nyanya mwezi wa nne.

Nini cha kufanya basi. Kabla ya yote, angalia kasi ya mwali unaitoa wapi. Nimeona watu, na nahisi na wewe umo, wanachukua fomula ya Metghalchi na Keck ya 1982, ile yenye mraba ndani, wanaipeleka kwenye lamda kubwa. Fomula ile ya propani ukiifuata chini inagonga sifuri kwenye lamda kama 1.7 na ikivuka hapo inakupa kasi hasi, moto unarudi kinyumenyume! Haikupimwa kwa ajili ya huko. Wewe tengeneza meza yako mwenyewe, yaani jedwali la kasi za mwali, Cantera (programu ya kemia ya kuungua) ni bure, GRI-Mech 3.0 (orodha ya mimenyuko ya gesi asilia) ni bure na ina spishi 53 tu, endesha mwali bapa kwa lamda 1 mpaka 1.8, presha 5 mpaka 40, joto 500 mpaka 900, inalala usiku asubuhi unayo.

Halafu kapime volteji na mkondo wa sekondari kwenye daino yenu, probu ya volteji kubwa na klampu ya mkondo vinatosha, zidisha, jumlisha, utapata nishati inayofika kwenye gepu kwa kila saiko (mzunguko mmoja wa injini). Mpasuko ugeuze kuwa kiini cha kuanzia, kidogo, 0.3 mpaka 0.5 mm. Mng'ao ulishe kwa asilimia 30 kupitia chembechembe zinazotembea na gesi. Modeli za hivi zipo tayari, hamna haja ya kuvumbua: DPIK ya Fan na Reitz kule Wisconsin ya mwaka 2000 ndo rahisi, chembe zinachora uso wa kiini. AKTIM ya Wafaransa wa IFP (taasisi yao ya utafiti wa petroli) ya 2001 inabeba na uzi wa cheche na vyuma vya plagi. Kuna SparkCIMM ya watu wa GM na Aachen ambayo inafuata uzi mpaka kupasuka upya. Mi kwa hali yako ningechukua AKTIM, au mrithi wake ISSIM kama unaenda LES (hesabu inayofuata pindi kubwa za gesi saiko kwa saiko), sababu DPIK inadhani kiini ni mpira na kwenye upepo wa mita 10 hakuna mpira pale, kuna ndizi.

Ukibaki na kemia kamili bila modeli ya kiini, sawa, ila meshi yako (vile vijumba unavyokatia silinda kwenye kompyuta) ya nusu milimita haifai. Unene wa mwali pale lamda 1.6 na bar 10 ni kama milimita 0.2, utauonaje kwa chekecheke la 0.5? Shuka 0.1 kuzunguka plagi mpaka kiini kifike 5 mm hivi, kisha achia. Itakula kompyuta, najua, punguza kwa kuiwasha hiyo meshi ndogo digrii chache tu. Na usikipe kiini kasi ya tabyulensi kamili siku ya kwanza, kikiwa kidogo kuliko zile pindi za gesi zenyewe, ambazo kwenye silinda yako ni milimita moja mbili hivi, pindi hazikikunji, zinakibeba tu, kama mtumbwi juu ya wimbi kubwa. Mkunjo uingie taratibu R inavyokua.

Kwenye kulinganisha, acha ile presha ya wastani wa saiko 300. Pale lamda 1.6 wastani ni mtu asiyekuwepo: kuna saiko zilizowaka mapema, zilizochelewa, na chache zilizomiss, ukizichanganya unapata mlima mnene ambao hakuna saiko hata moja iliyoupanda. RANS yako (hesabu ya mtiririko wa wastani) inatoa saiko moja, unailinganisha na nani? Chora muda kutoka cheche mpaka asilimia 2 ya gesi iungue na mpaka asilimia 10 kwa kila saiko ya daino, angalia modeli inaangukia wapi ndani ya huo msambao. Ukiweza LES saiko 20 au 30 vizuri zaidi, sababu mtawanyiko wa lamda kubwa unatokana sana na upepo wa kwenye gepu ulielekea wapi saiko hiyo, ukiupeleka uzi nje kwenye nafasi unapona, ukiusukumia kwenye elektrodi ya chini au kwenye kichwa cha silinda kiini kinapozwa kinakufa. Hata namna plagi ilivyokazwa, ule mdomo wa elektrodi umeangalia upande gani, inabadilisha matokeo, mafundi wa mashindano wanajua hii siku nyingi wanaweka washa nyembamba kuielekeza.

Na vigezo ukishavifunga kwa lamda moja na cheche moja, usiviguse tena. Sogeza cheche, sogeza lamda, ikifuata yenyewe una modeli. Ikikataa una stika kama yangu.

Uliuliza pembeni kwamba kama ni shida hivi injini kubwa za gesi zinawezaje. Zinakwepa tu. Ile mitambo ya Wärtsilä 34SG inayofua umeme Ubungo kwa gesi ya Songo Songo, silinda kubwa inajazwa mchanganyiko mwembamba kabisa ila cheche haipigwi humo, inapigwa kwenye kichumba kidogo cha awali ambacho kina valvu yake ya gesi na mchanganyiko mnene, utoto wote unaishia humo ndani kwenye raha, kinachotoka kwenye vitundu ni ndimi za moto mkali zinazowasha silinda nzima sehemu nyingi kwa pamoja. Silinda yako ni ndogo na plagi iko wazi, huna kichumba, kwa hiyo utoto utakuhusu.

Anza na meza ya Cantera wikiendi hii, haihitaji ruhusa ya mtu. Ukipata faili la volteji nitumie saiko kumi tu, tano zilizowaka na tano zilizomiss, tuhesabu meno ya msumeno pamoja kabla hujagusa hata mstari mmoja wa modeli.